Nyimbo za Kale na Nyimbo Mpya: Je, Ni Mali ya Nani?



Katika sharika nyingi siku hizi liko shauri lisilokwisha, nalo ni hili: tuimbe nini tukikutana kumwabudu Mungu? Wazee wataka nyimbo za kitabu, zile walizofundishwa na wazazi wao, zenye beti nne au sita, ziimbwazo pole pole kwa kinanda au kwa matarumbeta. Vijana wataka mapambio na nyimbo mpya, pamoja na magitaa, ngoma na vinanda vya umeme, wapate kuimba kwa kupiga makofi na kucheza mbele za Bwana. Mahali pengine wamekata shauri kwa kuigawanya ibada: alfajiri wazee, baadaye vijana, na hivyo baba na mwanawe hulala nyumba moja na kula chungu kimoja, lakini humwabudu Mungu kwa saa mbalimbali. Mahali pengine wamegawanya nyimbo nusu kwa nusu, kama watu wagawanyao shamba la urithi, na kila upande huhesabu kama umepunjwa. Tena pako mahali ambapo upande mmoja umeshinda kabisa, na upande wa pili umekaa kimya, vitabu vimefungwa magotini.

Twapenda kulitazama jambo hili kwa makini, maana si jambo la kupendezwa masikio tu. Ni swali la wema na la haki: Mkristo anawiwa nini na mwenzake wakati wa kuimba? Nasi twalisema tangu mwanzo lile tunalotaka kulionyesha. Swali la kwanza si kama wimbo ni wa kale au ni mpya. Swali la kwanza ni kama wimbo umo kinywani mwa mkutano wote, au kama umeondolewa kinywani mwao ukapewa watu wachache.

Na tuanze na wale wanaosema ya kuwa wimbo wa kale ni mtakatifu kwa sababu ni wa kale. Hao twawakumbusha ya kuwa Zaburi zenyewe zatuamuru mara nyingi kumwimbia Bwana wimbo mpya. Someni Zaburi ya 33, ya 96 na ya 98. Tena kila wimbo wa kale ulikuwa na siku yake ya kwanza. Chukueni mfano wa Tenzi za Rohoni, kitabu kipendwacho na wazee wetu wengi hata leo. Nyingi za tenzi zile ni tafsiri za nyimbo za Kiingereza za karne ya 19, na baadhi yake ni za namna zilizoenezwa na Moody na Sankey walipokwenda kuhubiri Uingereza mwaka 1873. Wakati ule walikuwako Wakristo wengi waliozilaumu, wakisema ni nyepesi mno, ni za kuchezea hisia, hazifai nyumba ya Mungu. Leo wajukuu zetu wakileta pambio, twawaambia maneno yale yale, na mkononi tumeshika kitabu kile kilichoambiwa hivyo.

Na wale wanaosema ya kuwa wimbo mpya una uhai kwa sababu ni mpya, hao nao wana la kukumbuka. Neno lililotungwa juzi laweza kuwa limekufa tayari, na neno la miaka elfu laweza kuwa hai. Pambio la Kiganda, Tukutendereza Yesu, lililoenea Afrika Mashariki yote pamoja na uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, laimbwa mpaka leo kana kwamba lilizaliwa pale pale chini ya mgomba. Lakini kwa asili ni kiitikio cha wimbo wa kitabu cha Kiingereza wa karne ya 19. Wapi mwisho wa kale, na wapi mwanzo wa mpya? Mpaka huo twauweka sisi, nao haukai mahali pamoja.

Kwa kuwa sisi ni Waluteri, na wengi hulitaja jina la Martin Luther katika shauri hili, yafaa tujue alivyofanya. Husemwa na watu, tena mara nyingi na vijana, ya kuwa Luther alizichukua nyimbo za vilabu vya pombe akazitia maneno ya dini. Neno hili si la kweli kama linavyosemwa. Mahadhi mengi ya nyimbo zake aliyatunga mwenyewe, au aliyatoa katika nyimbo za kale za Kilatini zilizokuwa zikiimbwa kanisani. Wimbo wake mmoja wa Majilio, uliotoka mwaka 1524, ni tafsiri ya wimbo wa Askofu Ambrosi wa Milan, aliyeishi katika karne ya nne. Basi Luther alipowapa watu wimbo mpya, aliwapa kitu chenye umri wa miaka zaidi ya elfu moja.

Hata hivyo, hakuogopa kuazima kwa watu wa kawaida. Wimbo wake wa Krismasi uitwao kwa Kijerumani Vom Himmel hoch ulipigwa chapa mwaka 1535 kwa mahadhi ya wimbo wa mafumbo, uliokuwa ukiimbwa na watu katika michezo yao. Mwaka 1539 ukapigwa chapa tena kwa mahadhi mengine, nayo ndiyo yaliyodumu. Tazameni hekima iliyomo: kuazima si dhambi, na kuacha kilichoazimwa si aibu. Tena baada ya Luther mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1601 Hans Leo Hassler alitunga wimbo wa mapenzi, wa kijana aliyefadhaishwa moyo na msichana. Mwaka 1656 mahadhi hayo hayo yaliunganishwa na maneno ya Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa kwa taji ya miiba. Leo ni nani aingiaye kanisani siku ya Ijumaa Kuu, akausikia wimbo ule, akakumbuka msichana wa Hassler? Mahadhi hayana unajisi wa kuzaliwa nao. Lakini yana kumbukumbu, na kumbukumbu hukaa katika watu, wala si katika sauti zenyewe.

Neno hili latusaidia kulitazama jambo la ngoma, ambalo limewagombanisha wengi. Mababa wengi wa Kanisa la kwanza walivikataa vyombo vya muziki katika ibada, kwa sababu vilinukia matambiko na karamu za kipagani. Kinanda cha mabomba, kile tunachokihesabu leo kuwa chombo kitakatifu kuliko vyote, zamani za Warumi kilipigwa katika viwanja vya michezo, watu walikokwenda kutazama damu ikimwagika. Ilipita miaka mingi kabla hakijasahau kazi yake ya kwanza na kupata kazi nyingine. Katika nchi zetu wamisionari wengi waliikataza ngoma, na Wakristo wa kwanza wengi walikubali, kwa kuwa wao wenyewe walijua ngoma ile ilipigwa usiku gani na kwa ajili ya nani. Haifai kuwacheka. Kumbukumbu yao ilikuwa ya kweli. Lakini mjukuu aliyezaliwa mjini, asiyepata kuona pepo akipungwa, hana kumbukumbu ile. Kwake ngoma ni ngoma tu.

Basi tufanyeje? Mtume Paulo alikwisha kutuonyesha njia alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama zilizotolewa sadaka kwa sanamu. Nyama ni nyama, wala sanamu si kitu. Mwenye ujuzi ana haki. Lakini ujuzi peke yake huleta majivuno, na anayeitumia haki yake mpaka ndugu yake dhaifu akaanguka, huyo amemkosea Kristo. Ni vivyo hivyo katika ngoma na gitaa. Asiulize kijana, “Je, nina haki?” Haki anayo. Na aulize, “Katika usharika wetu yuko nani ambaye sauti hii yamrudisha kule alikotoka?” Naye mzee asilifanye jeraha lake kuwa sheria ya watu wote milele. Kama jeraha limepona, na aseme limepona, wala asilitunze kwa sababu lampa nguvu ya kukataza.

Liko jambo jingine ambalo wenye kuzitetea nyimbo za kitabu hawalifikiri sana, nalo ni lugha. Katika Kiswahili karibu kila neno hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: twasema Bwána, mwokózi, twaamíni. Kijerumani na Kiingereza si hivyo. Mistari mingi ya nyimbo zao huishia kwa silabi yenye nguvu, na mahadhi yao yametengenezwa kufuata nguvu ile. Wafasiri wetu wa kwanza waliyahifadhi mahadhi na kubadili maneno. Matokeo yake ni kwamba mara nyingi noti ndefu yenye nguvu huangukia silabi dhaifu, nasi twaimba “Bwaná” na “mwokozí”, kama wageni waliojifunza lugha yetu jana. Tumeizoea hata hatuisikii. Na katika lugha kama Kihaya na Kichaga, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha neno na neno, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi, maana wimbo ukipanda mahali neno linaposhuka, maana yaweza kupotea.

Je, kusema hivi ni kuwavunjia heshima wazee wetu na wamisionari waliotafsiri kwa jasho? Hasha! Luther mwenyewe alisema jambo hili hili juu ya Kijerumani. Mwaka 1525 aliandika ya kuwa haitoshi kuyafasiri maneno ya Kilatini na kuziacha noti za Kilatini. Maneno, noti, mkazo na mahadhi vyote vitoke katika lugha ya mama na sauti yake ya kweli, ama sivyo kazi yote ni kuiga tu, kama afanyavyo nyani. Basi Mluteri anayetaka nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili, kwa mahadhi yaliyozaliwa katika masikio ya watu wetu, hajaiacha njia ya Luther. Yumo ndani yake.

Tena twamshukuru Mungu kwamba kazi hii imekwisha kuanza zamani. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mluteri wa Tanzania, aliandika wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya, unaoimbwa kwa mahadhi ya asili ya nchi hii. Howard S. Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha miaka mingi katika chuo cha theolojia cha Makumira, alikusanya nyimbo za Kikristo za Kiafrika na kuzifasiri nyingine kwa Kiingereza, ukiwamo huo wa Kyamanywa. Wimbo ule ukasafiri. Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, kilichoanza kutumika mwaka 1993, wimbo wa 116 ni huo, kwa maneno ya Kijerumani. Fikirini neno hili, ninyi mnaodhani ya kuwa ibada ya Kiluteri ni kuimba vya Ujerumani tu: siku ya Pasaka wako Wajerumani wanaoimba vya Tanzania, nao hawaoni haya. Walitupa, nasi tumewapa. Hivyo ndivyo nyumba ya Mungu inavyopaswa kuwa.

Hata hapa, wapenzi, tumezungumza habari za mahadhi, vyombo na lugha. Lakini shida kubwa ya ibada zetu leo, twaiona mahali pengine.

Nendeni katika sharika nyingi siku ya Bwana, mkasikilize. Kwaya ya kwanza husimama ikaimba. Halafu ya pili. Halafu ya vijana. Halafu ya akina mama. Halafu kundi la sifa lenye vipaza sauti vinne, na vyombo vyenye nguvu hata mtu asiisikie sauti yake mwenyewe kifuani. Mkutano umeketi. Wengine wanatazama, wengine wanapiga picha kwa simu zao, wengine wanatikisa vichwa kwa furaha. Ukifika wimbo wa kitabu, huimbwa beti mbili tu, kwa sababu muda umekwisha. Hapa kuna nyimbo za kale na nyimbo mpya pamoja. Kwa hesabu ya nusu kwa nusu, huenda hapana mtu aliyepunjwa. Na hata hivyo mkutano umenyang'anywa kitu chake.

Maana kabla ya Matengenezo, katika sehemu kubwa ya ibada mapadre na waimbaji ndio walioimba, kwa Kilatini, na watu walisimama wakisikiliza. Luther alipomwandikia rafiki yake Georg Spalatin mwishoni mwa mwaka 1523, alimwomba amsaidie kutunga zaburi kwa lugha ya watu, kwa maneno mepesi yanayojulikana na wote, akamwonya asitumie maneno ya ikulu. Alitaka Neno la Mungu likae kwa watu kwa njia ya kuimba. Mwaka uliofuata kilitoka kijitabu cha nyimbo nane tu, na nne kati yake zilikuwa za Luther. Nyimbo nane! Leo tuna mamia, lakini twaweza kurudi pale pale tulipotolewa: wachache waimbe, wengi wasikilize. Haidhuru kama wale wachache wamevaa kanzu za kwaya na kuimba Bach kwa sauti nne, au kama wamevaa sare za kumetameta na kuimba wimbo wa juma lililopita. Mkutano ulio kimya ni mkutano ulio kimya.

Twajua mtatujibu, “Je, kusikiliza si ibada? Hekaluni hawakuwako waimbaji?” Walikuwako, Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 25 yatuambia idadi yao, watu 288 waliofundishwa kumwimbia Bwana. Wala hatutaki kwaya zikomeshwe. Mtu aliyelemewa na msiba huweza kusikia kwaya ikiimba lile ambalo yeye hana nguvu ya kulitamka, na hiyo ni huduma kweli. Lakini kumbukeni kwaya ya kwanza ya Kiluteri ilikuwa ya namna gani. Mwaka 1524 Johann Walter alitoa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo kwa sauti nyingi, na Luther akakiandikia dibaji akisema kimetengenezwa hasa kwa ajili ya vijana, wapate kitu bora kuliko nyimbo za tamaa. Vijana wale waliimba nyimbo mpya, na kwa vinywa vyao watu wazima wakajifunza. Kwaya ilikuwa mwalimu wa mkutano. Mwalimu aliye mwema hafurahii kwamba yeye ajua, hufurahi kwamba wanafunzi wanajua.

Augustino, aliyekuwa Milan wakati Askofu Ambrosi alipowafundisha watu wake kuimba tenzi katika siku za dhiki, ameandika katika Maungamo yake jinsi alivyolia kwa kuguswa na nyimbo za Kanisa. Tena ameungama ya kuwa mara nyingine aliguswa na sauti kuliko lile lililoimbwa, na jambo hili alilihesabu kuwa dhambi. Hata hivyo hakukata shauri ya kuiondoa sauti, maana aliona ya kuwa wanyonge huinuliwa nayo. Walio wakali kuliko yeye walikuja baadaye. Huko Zurich, katika siku za Zwingli, kuimba kuliondolewa ibadani, na vinanda vikabomolewa. Hata karne ile ya 16 ilipokaribia kwisha, wakarudi wakaimba. Roho ya mtu haivumilii kunyamazishwa. Basi njia yetu si kuiogopa furaha ya muziki, bali ni kuiuliza kila mara: wewe wampeleka mtu wapi? Wampeleka kwa Mungu na kwa jirani yake, au wamrudisha kwake mwenyewe?

Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha swali letu. Mara nyingi wazee na vijana hushindana wakisema, “Sisi twabarikiwa na nyimbo hizi.” Hilo laweza kuwa kweli, lakini halitoshi. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 15, Paulo ataka kila mmoja wetu ampendeze jirani yake katika mambo mema, ili ajengwe, kwa kuwa hata Kristo hakujipendeza mwenyewe. Na katika Wakolosai sura ya 3 twaambiwa tufundishane na kuonyana kwa zaburi na tenzi na nyimbo za rohoni. Kufundishana, yaani mmoja na mwenziwe. Kwa hiyo ninapoimba — aseme kila mshiriki — simwimbii Mungu peke yake, wala sijiimbii mimi. Namwimbia pia huyu aliye karibu nami katika benchi, naye aniimbia mimi.

Fikirini basi gharama yake. Mama mzee asiyejua kusoma amehifadhi moyoni nyimbo arobaini za kitabu. Hizo ndizo Biblia yake. Ndizo aliimba alipomzika mumewe, ndizo atakazoziimba macho yake yatakapokuwa hayaoni. Tukiziondoa katika ibada kwa kuwa ni nzito, hatujabadili ladha tu. Tumemwibia mjane mali yake. Lakini karibu naye ameketi kijana, hajui hata beti moja ya nyimbo zile, wala hapana aliyemfundisha. Yeye ana wimbo mmoja tu unaomfanya aamini ya kuwa Mungu aweza kusikia lugha ya mtaani kwake. Tukimwambia anyamaze mpaka azeeke, huenda hatazeekea humu. Anayewapenda wote wawili hataweza kuchagua upande. Atamwomba kijana aimbe wimbo wa mama yule, kwa maneno yote, hata kama wamchosha. Naye mama atamwomba ausimamie wimbo wa kijana na kujifunza kiitikio chake, hata kama magoti yanauma. Hapo wimbo unakuwa sadaka, na sadaka isiyogharimu kitu Daudi aliikataa.

Kwa hiyo kuchanganya nyimbo kwa hesabu tu, tatu zenu na tatu zetu, ni amani ya majirani waliochoka kugombana. Ni heri kuliko vita, lakini bado si upendo. Upendo ni pale tatu zenu zinapokuwa zetu.

Ninyi wachungaji, wainjilisti na walimu wa dini, mzigo wa jambo hili uko mikononi mwenu kuliko mwa wengine, nasi twawaletea mashauri machache mpate kuyajaribu.

La kwanza: chagueni nyimbo kwa kufuata somo la siku, wala si kwa kufuata nani amenung'unika juma lililopita. Somo likiwa la toba, wimbo uwe wa toba, uwe wa mwaka 1524 au wa mwaka huu.

La pili: kabla ya kuuleta wimbo mpya, yasomeni maneno yake bila kuimba, pole pole, kama mtu asomaye barua. Je, yasema neno lolote juu ya Mungu, juu ya msalaba, juu ya neema? Au ni jina la mwimbaji na haja zake tu zinazorudiwa? Kisha wimbo wa kale nao mpimeni vivyo hivyo, maana ziko beti za kitabu ambazo hapana mshiriki aelewaye maana yake. Paulo alitaka kuimba kwa roho na kwa akili pia.

La tatu: wimbo mpya usiimbwe mara moja ukaachwa. Ufundisheni kabla ya ibada, kwaya ikitangulia, mkaurudie majuma manne au matano, mpaka mkutano uweze kuuimba bila kwaya. Wimbo mmoja kwa mwezi watosha. Kwa mwaka ni nyimbo 12, nazo si haba.

La nne: watoto wa Shule ya Jumapili na vijana wa kipaimara wafundishwe nyimbo za kale kwa moyo, tena waelezwe zilitungwa na nani na katika dhiki gani. Kijana huudharau wimbo asiojua umetoka wapi. Na wazee nao wapewe nafasi ya kuwasikia vijana wakieleza kwa nini wanaupenda wimbo wao.

La tano: vipaza sauti vipunguzwe mkutano unapoimba. Kama mtu hawezi kuisikia sauti ya mwenzake wa kushoto na wa kulia, basi chombo kimekuwa bwana, nasi tumekuwa watumishi wake.

Luther alipopanga ibada ya Kijerumani, iliyopigwa chapa mwaka 1526, hakukifuta Kilatini. Alikiacha kwa ajili ya vijana wa shule, akaweka Kijerumani kwa ajili ya watu wa kawaida, akasema ya kuwa kama angeweza, angefanya ibada kwa zamu katika Kijerumani, Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Mtu yule aliyeitwa mvunjaji wa mambo ya kale hakutupa kitu chochote kilichoweza kumjenga mtu. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 13, amemfananisha mwandishi aliyefundishwa katika ufalme wa mbinguni na mwenye nyumba, atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Hazina ni moja, na anayetoa ni mmoja. Lakini wanaopewa ni watu wote wa nyumba.

Basi Jumapili ijayo, ndugu wapendwa, mtakapokutana, kila mtu na amsikilize mwenzake wakati wa kuimba. Ukiona ya kuwa jirani yako amenyamaza, usimhukumu. Mwonyeshe ukurasa, au mwambie maneno kwa sauti ya chini, au ujifunze wimbo anaoujua yeye. Na Mungu, aliyetupa sisi sote kinywa kimoja kimoja, apewe sifa kwa vinywa vyote. Amina.